Usivunje Muhuri

4 Machi

Kwako Kelele, mdogo wangu wa mwisho,

Barua yako imefika, na picha ya kochi la kijani imefika nayo. Nimeiegemeza kwenye kopo la sukari niitazame nikiwa napika. Kweli lile ndilo kochi la yule daktari wa meno, lililotoboka mpaka springi zikawa zinachungulia? Una mikono, wewe. Mimi nami ninayo, ila siku hizi kazi yake ni kufuta vumbi.

Umeuliza hali. Hali ni nzuri. Masikio ni yale yale: la kushoto limekufa, la kulia linasikia mlango ukibamizwa, basi. Mashine za kufuma zilinipa mshahara, zikajilipa kwa masikio. Ndiyo maana nakuomba usichoke kuandika. Simu kwangu ni kipande cha plastiki. Naiona inatetemeka mezani, naitazama, inanyamaza.

Shemeji yako hajambo. Juzi amepata toleo jipya kutoka kiwanda cha sarafu, la ukumbusho wa lile daraja kubwa. Ungeliona! Sarafu imekaa ndani ya kapsuli ya plastiki, kapsuli imelala kwenye mahameli ya bluu, mahameli iko ndani ya kasha la mbao, kasha limevikwa gamba la karatasi ngumu lenye picha ya daraja, na juu ya gamba kuna muhuri wa kiwanda. Ina hata cheti chake, kama mtoto. Na haifunguliwi. Muhuri ukivunjika, anasema, imebaki sarafu tu. Mimi sarafu yenyewe sijaiona. Nimeona picha yake kwenye kijikaratasi.

Sebule sasa imejaa, tumehamishia meza ya kulia jikoni. Madirisha ya sebuleni ameyabandika karatasi nyeusi, maana jua linapausha makasha. Unyevu nao unayavimbisha, kwa hiyo kuna mashine ya kukausha hewa inayounguruma kutwa. Yeye ndiye anayeniambia inaunguruma. Mimi kazi yangu ni kumwaga maji yake asubuhi.

Kuhusu mimi kuja kwenu, mwezi huu haitawezekana. Kuna kifurushi kingine njiani, na lazima kipokelewe na mtu mzima, kwa sahihi. Mwezi ujao tutaona.

Wako,
Dada


19 Machi

Malkia wa Hazina, shikamoo!

Sisi wenzako tunashinda na makochi yaliyokaliwa na makalio ya watu, wewe unashinda na dhahabu na fedha. Juzi nimefungua sofa moja, ndani nimekuta kijiko, meno ya bandia na soksi ya mtoto. Hayo ndiyo makusanyo yangu. Mwambie mumeo, Bwana Stoo wetu, kama anayataka nitamfungia kwenye kasha, nipige na muhuri.

Sasa nisikilize. Nimempeleka Mama kwa daktari wa macho. Katikati ya jicho pameharibika, pembeni bado panaona. Ukikaa mbele yake anaona mabega yako na masikio, lakini uso hauoni. Kwa hiyo amejifunza kugeuza kichwa na kukutazama kwa ubavu, kama kuku anayeikagua punje. Tumecheka naye hadi machozi. Lakini daktari alipotuita pembeni alisema hata huo ubavu unakwenda, na unakwenda haraka.

Mama hakulia. Tulipofika nyumbani akavua viatu, akasema, “Basi mwambie mkubwa aje nimwone kwa hiki kipande kilichobaki.”

Dada, safari ni ya basi moja tu, unapanda asubuhi, jua likizama uko kwetu. Mimi siwezi kumwacha nije kukuchukua. Na wewe bado una macho ya kusoma midomo yake. Njoo mzungumze wakati kila mmoja ana kitu cha kumpa mwenzake.

Mdogo wako,
Kelele


2 Aprili

Kelele,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Mwambie Mama nitakuja. Mwambie hivyo hivyo, nitakuja.

Ila ngoja nikueleze, usije ukafikiri ni kiburi. Shemeji yako ana namba ya uanachama kule kiwandani, ya chini kabisa, ya watu wa mwanzo. Wenye namba hizo wanapata kila toleo kabla halijatangazwa. Lakini akikosa kupokea toleo moja tu, namba inafutwa, anaanza upya mwisho wa foleni. Kwa hiyo lazima nyumbani awepo mtu. Na yeye ana mikutano ya chama cha wakusanyaji kila Jumamosi, na siku nyingine hupita kwa wenzake kutazama vitu vyao. Mtu wa kubaki ni mimi.

Wiki hii kifurushi kilikuja. Nilijua kwa ile taa. Sijui kama nilikusimulia: mwaka masikio yalipokufa, alikaa juu ya ngazi mchana kutwa akiunganisha nyaya, ili mtu akibonyeza kengele mlangoni, taa ya jikoni iwake na kuzima. Hakuna aliyemwomba. Alishuka shingo imekakamaa, akaniambia, “Haya, sasa unasikia.” Huyo ndiye mume wangu, nataka umkumbuke hivyo.

Mleta vifurushi ni mama mmoja mnene mwenye pikipiki. Hunipitishia karatasi kati ya nondo, natia sahihi, kisha anapitisha kasha kwa ubavu. Juzi ameniuliza, “Mama, hii ni nyumba au kaunta ya benki?” Nikamsoma midomo, tukacheka. Tangu wezi waingie mtaa wa pili, tumewekewa geti la chuma mlangoni. Ufunguo ni mmoja, na shemeji yako hutembea nao kwa sababu mimi ni msahaulifu. Basi nimekuwa kama kasuku, nakosa tu mtu wa kunifundisha matusi.

Barua hizi nampa yule mama azitie posta.

Dada


15 Aprili

Dada,

Leo sitakutania.

Mama ameniuliza kama alikukosea. Nimemwambia hapana. Akasema, “Basi nimemkosea mumewe.” Nimemwambia hapana. Akageuza kichwa, akanitazama kwa ule ubavu wake, akasema, “Basi kuna nini huko kinachomshika?” Nilitakiwa nimjibu nini? Kwamba binti yake anasubiri kasha ambalo hataruhusiwa kulifungua?

Tulipokuwa wadogo wewe ndiye uliyekuwa ukinibeba mgongoni mpaka kisimani. Sasa unaniandikia habari za namba na foleni. Nimesoma barua yako kiwandani kwangu, kwa sauti, na yule fundi ninayefanya naye kazi akasema, “Huyo dada yako ameolewa na makasha.” Nilimkemea. Kisha nikajiuliza nimemkemea kwa nini.

Kama umetuchoka, sema. Ukimya wako nimeuzoea, visingizio ndivyo nisivyovizoea.

Kelele


28 Aprili

Kwa shemeji yangu mheshimiwa,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama mkwe, ambaye namwombea nafuu ya macho yake.

Barua yako ya tarehe 15 niliifungua nikidhani inatoka chamani, na baada ya kuianza nikaona ni vema niimalize. Sijampa dada yako. Ni mtu wa kuweka mambo moyoni, na ule moshi wa Jumamosi iliyopita umemchosha vya kutosha, ingawa lilikuwa jambo dogo na hakuna kasha hata moja lililoharibika. Kwa hiyo nakuomba kwa heshima, mwandikie mambo mepesi.

Najua mnanicheka kuniita Bwana Stoo. Sikasiriki. Nimetunza stoo ya hospitali ujana wangu wote, na haikuwahi kupotea bandeji. Mwaka mmoja nilichukua likizo, nikaenda kumwona mama yangu. Niliporudi, nilikuta wapelelezi wawili, mmoja amekaa kwenye kiti changu, wakipekua droo zangu. Dawa zilikuwa zimeibwa. Nilihojiwa kama mwizi mbele ya vijana niliowafundisha kazi. Baadaye mwizi alipatikana, na hakuna aliyenirudishia kiti. Niliambiwa nipumzike, na nimepumzika hadi leo.

Shemeji, wewe unafungua makochi na kukuta uchafu wa watu. Mimi napokea kitu kimefungwa, hakijaguswa na mkono wa mtu, na kitabaki hivyo. Sijui nikueleze vipi raha yake. Nikiingia sebuleni na kuona mihuri yote iko mahali pake, kifua kinatulia. Lakini nimejifunza jambo moja: ukitoka, ndipo linapotokea. Dada yako akiwa ndani, nakuwa na amani.

Akipata nafasi atakuja. Kwa sasa si wakati.

Ni mimi shemeji yako


9 Mei

(kwa mkono wa mama wa vifurushi)

Mama usiyenijua, samahani kwa kukusumbua. Nimepata anwani ya ofisi yenu kwa kuuliza. Hii iliyokunjwa ndani ni ya dada yangu, yule asiyesikia, wa nyumba yenye geti la chuma. Nakuomba umpe mkononi mwake, si kwa mtu mwingine.

Dada,

Moshi gani?

Mumeo ameniandikia. Ameandika kuhusu moshi kama mtu anavyoandika kuhusu mvua. Nimerudia barua zako zote, na safari hii sikuzisoma kama mtu aliyekasirika. Umesema ufunguo ni mmoja. Umesema anatembea nao. Mimi nilicheka, nikageuza ukurasa! Dada, akienda kwenye chama chake anakufungia?

Barua yangu ya mwezi uliopita hukuipata. Ukija kuipata, ichome bila kuisoma.

Niambie ukweli. Nimekaa chini.

Kelele


17 Mei

Mdogo wangu,

Mama wa vifurushi aliichomeka barua yako chini ya karatasi ya sahihi, akanikonyeza kama mtu anayeuza magendo. Nimeificha ndani ya unga.

Ndiyo, ananifungia. Mwanzoni ilikuwa Jumamosi tu. Siku hizi ni kila akitoka. Nimezoea kuiita kufunga mlango. Sijawahi kuiita kunifungia, na leo naiandika hivyo mara ya kwanza.

Ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa jikoni namenya viazi, pua ikaniambia kuna kitu. Ile mashine ya kukausha hewa ilikuwa imeshika moto kwenye waya. Mtu mwenye masikio angeisikia ikikoroma mapema. Mimi nilipofungua mlango wa sebule, moshi ulikuwa umefika kifuani. Nikazima umeme kwenye meni swichi. Nikajaza ndoo, nikasimama nayo mlangoni, na hapo, Kelele, nikasita. Moshi unaniingia puani na mimi nafikiria kwamba makasha yatalowa! Niliweka ndoo chini, nikaenda kutafuta blanketi, nikalilowesha, nikalikamua vizuri lisichuruzike, ndipo nikaifunika mashine. Nilikuwa nakohoa na huku nakamua. Nimejitisha mwenyewe kuliko moto ulivyonitisha.

Kisha nikachana karatasi nyeusi, nikafungua dirisha, nikashika nondo. Watu walikuwa wamejaa barabarani. Midomo yote inafunguka kwa pamoja, siwezi kusoma hata mmoja. Kinyozi wa ng’ambo ya barabara ndiye aliyeelewa. Alilala chini barabarani kwenye vumbi, na aproni yake nyeupe, kunionyesha nilale. Nikalala. Wanaume walipiga lile geti kwa nyundo. Nilikuwa nimelalia sikio la kulia, sikusikia, ila sakafu ilikuwa inanipiga shavuni kila walipogonga. Halikufunguka. Shemeji yako hanunui kufuli za bei rahisi.

Moto ulijifia chini ya blanketi. Alipofika nilikuwa nimekaa sakafuni jikoni, uso mweusi. Alifungua, akaingia mbio, akanipita. Nilimwona mgongo tu sebuleni, anayagusa makasha moja moja. Halafu akarudi, akapiga magoti, akanifuta uso kwa leso yake. Akasema kitu. Nilimsoma: “Vyote vizima.”

Siku ya pili alileta fundi wa kuchomelea, akaongeza kufuli la pili, kwa sababu sasa mtaa mzima umechungulia ndani.

Usije. Ukija mtagombana, mtapiga kelele, na mimi sitasikia hata moja. Sitaki kubebwa kama kochi. Lakini pia sijui nitatokaje. Usiku nalala kitanda kimoja na mtu ambaye alinifungia taa ili nisikie, na funguo ziko chini ya mto wake.

Mwambie Mama anitunzie kile kipande cha macho kilichobaki.

Dada


24 Mei

(kwa mkono wa mama wa vifurushi)

Dada yangu,

Sikulia. Nimekwaruza mguu wa kiti cha mteja mpaka nimeuharibu, lakini sikulia.

Siji, kama umesema nisije. Swali langu ni hili: ni wakati gani geti hilo linakuwa wazi na wewe umesimama karibu nalo? Fikiria hapo tu. Mimi kila basi la jioni likifika nitakuwa kituoni. Nimeshamwambia Mama unakuja. Ameanza kutengeneza nywele zake, eti usije ukamkuta ovyo.

Kelele


6 Juni

Kelele,

Geti huwa wazi akitoka na akiingia, na hapo huwa amesimama katikati. Nimejaribu juzi. Nilivaa viatu, nikasema nataka kwenda dukani kununua chumvi. Akaniambia kwa upole kwamba ataileta yeye, na akaleta, pakiti mbili.

Nimemwambia mama wa vifurushi. Nilimwandikia kwenye kona ya karatasi ya sahihi: “Nataka kutoka.” Akaisoma, akaikata ile kona, akaitia mdomoni, akaitafuna. Alisema atafikiria.

Dada


21 Juni

Kwako dada Kelele,

Mimi ndiye mleta vifurushi. Kwa kuandika si hodari, utanivumilia. Ukipata hii, dada yako atakuwa ameshafika, lakini najua yeye atakusimulia alichokiona tu. Mimi nitakusimulia na cha kusikia.

Lilikuja kasha la dhahabu, lile kubwa, ambalo yule mzee amelisubiri mwaka mzima. Ningeweza kulipitisha kwenye nondo kama mengine. Niliamua kulipeleka saa ambazo yeye mwenyewe yupo, na dada yako nilikuwa nimeshamchomekea kikaratasi chenye siku na saa ajiandae. Nikabonyeza kengele. Alikuja na funguo, amevaa shati lililopigwa pasi, kama anayepokea mgeni. Nikamwambia, “Mzee, hili la dhahabu halipitishwi kwenye chuma. Kanuni mpya. Nakabidhi mtu uso kwa uso, geti likiwa wazi.” Kanuni hiyo haipo. Niliitunga hapo hapo, Mungu anisamehe.

Aliangalia barabara kushoto na kulia, akafungua kufuli zote mbili. Dada yako alikuwa nyuma yake, amevaa viatu, na mfuko mmoja wa nguo. Mzee akatia sahihi, akanyoosha mikono, nikamwekea kasha juu ya viganja. Lilikuwa zito, lilitaka mikono yote miwili. Na hapo dada yako akapita. Hakukimbia. Alipita ubavuni pake kama mtu anayepita kwenye mlango wa nyumba yake.

Akamuuliza, “Unakwenda wapi?”

“Kwa Mama.”

“Ngoja. Nishikie hili nifunge kwanza.”

“Liweke chini,” dada yako akasema.

Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, kizingiti kimejaa maji. Mzee akatazama maji, akatazama kasha, akamtazama mkewe. Nilimhurumia, sikufichi. Alisimama pale mikono imejaa na geti liko wazi nyuma yake, hawezi kutufuata, hawezi kufunga. Dada yako akapanda pikipiki, akampa mgongo, akanishika kiuno.

Ndipo yule mzee akasema kitu ambacho dada yako hakukisikia. Aliniambia mimi, “Mama, mfunike sikio la kulia. Upepo unamuumiza.”

Sikumwambia. Nilimvalisha helmeti yangu, nikampeleka kituoni. Kama anastahili kujua, utaamua wewe uliye ndugu yake.

Mama wa vifurushi


10 Julai

Mke wangu,

Nimekuandikia mara nyingi na kuchana. Natumaini Mama mkwe hajambo na umemkuta bado anaona.

Mimi nipo. Mashine mpya inafanya kazi na maji yake namwaga mwenyewe. Chamani sijakwenda tangu uondoke, kwa sababu nikitoka nyumba inabaki tupu. Walikuwa na mnada mkubwa, wenzangu wakanisimulia kwa simu. Juzi kulikuwa na kifurushi saa ambayo nilikuwa nimesinzia, nikashtuka kwa taa yako ya jikoni ikiwaka na kuzima, nikadhani moto. Nilikaa chini kwanza ndipo nikaweza kwenda kufungua.

Mkate ananinunulia kinyozi. Hunipitishia kati ya nondo. Jana amenitazama akinipa, nikashindwa kuula.

Nakuomba urudi. Kama ni vigumu, basi angalau Jumamosi.

Mumeo


19 Julai

Mume wangu,

Mama ananiona. Asubuhi huniketisha upande wa dirisha, anageuza kichwa, ananitazama kwa ubavu muda mrefu, ananiambia nimezeeka na kwamba nimefanana na shangazi ambaye hakumpenda. Nami namsoma midomo, tunacheka. Kila wiki ananisogeza karibu zaidi na dirisha.

Kelele amenionyesha ulichokisema mgongoni mwangu siku ile. Niliisoma ile barua jikoni, nikakaa humo mpaka chai ikapoa. Sikio linaniuma kwenye upepo, ni kweli, na ni wewe peke yako unayelijua hilo. Lakini siku ya moshi ulinipita. Vyote viwili ni vyako, na nimechoka kuchukua kimoja na kufunika kingine.

Sirudi kulinda. Wala Jumamosi. Kama ni mke unayemtaka, yupo huku, na chai ipo. Funga mlango uje. Au uuache wazi uje. Fanya utakavyo na makasha, ila usiniambie tena kwamba yakiwa mazima na mimi ni mzima.

Kula ule mkate. Kinyozi ni mtu mwema.

Mkeo


2 Septemba

Kwako mama wa vifurushi,

Nimechelewa kukushukuru, kwa sababu kila nikianza kuandika shukrani zinaonekana ndogo. Kelele amekutengenezea kiti kipya cha pikipiki, cha ngozi nyekundu. Ukipata nafasi ya kupita huku, kipo. Anasema kitadumu kuliko pikipiki yenyewe.

Utataka kujua. Alikuja. Ilikuwa wiki iliyopita, kwa basi la usiku linalofika asubuhi, na shati lake la pasi. Nilikuwa kiwandani kwa Kelele natandika magunia kwenye fremu ya kochi, ndiyo kazi ninayofundishwa sasa, nikainua uso nikamwona mlangoni. Alikuwa amekonda. Mama alimshika mkono, akamkagua kwa ubavu, akamwambia, “Mkwe, kaa.” Akakaa. Alikunywa chai, akakisifu kiti. Tulizungumza taratibu, ananielekezea midomo vizuri kama zamani. Akaniambia alipokuwa njiani alishuka mara moja ili arudi, kisha akapanda basi lililofuata akaendelea kuja. Niliona jinsi ilivyomgharimu, nikamshika mkono mbele ya wote.

Lakini kadiri mchana ulivyosogea, macho yake yakaanza kwenda dirishani. Akajibu pembeni ya maswali. Mwishowe akasimama, akasema basi la mwisho halingoji. Nilimsindikiza. Kituoni akaniuliza kama naweza kupanda naye. Nikamwambia hapana. Akaniuliza kama anaweza kuja tena. Nikamwambia ndiyo, na nilikuwa nasema kweli. Basi lilipoondoka alikuwa ameketi upande wangu, anatazama mbele.

Sijui kama atakuja. Siku nyingine naamka nikiwa na hasira naye, siku nyingine nakuwa na wasiwasi kama amekula. Mama macho yake yamebaki mwanga tu sasa, anajua kama ni mchana au usiku, na anajua nikipita mbele ya dirisha. Alipata alichokitaka, na mimi pia.

Nikusimulie ya leo, nimalizie. Kelele alinituma mjini kununua uzi wa kushonea ngozi. Nilikosea kona, nikaingia mtaa wa mafundi saa, nikasimama kutazama mmoja akiunganisha kisaa kidogo kama kunde. Nikatokea sokoni, nikala hindi la kuchoma nimesimama, nikaketi kwenye ukuta mfupi pamoja na wanawake nisiowajua, nikawatazama wakibishana sijui juu ya nini. Nilirudi jua limeinama, miguu inauma, nimejiandaa kueleza nilikuwa wapi na kwa nini. Kelele hakunyanyua hata kichwa. Aliniuliza jambo moja tu, uzi uko wapi.

Nilikuwa nimeusahau kabisa.

Wako,
Yule wa nyumba ya geti